Kugawana viti ni rahisi kuliko kuviachia: Somo la Burundi kwa majirani

NDUGU msomaji, ukisimama njia panda ya Tinde, hapa mkoani kwetu Shinyanga, hutakaa muda mrefu kabla hujaona lori linalokwenda Burundi. Limetoka bandari ya Dar es Salaam, limepita Dodoma, Singida na Nzega, na sasa linaelekea Isaka, Kahama, Ushirombo na Nyakanazi hadi mpakani Kobero. Pale Isaka ipo bandari kavu inayohudumia mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Wenzetu wa Tabora wanayo Ulyankulu, makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Sisi wa Kishapu tunalima pamba na kuchimba almasi ya Mwadui, na mpaka uko mbali kidogo na sisi. Hata hivyo, Burundi inapotulia tunajua, na inapowaka tunajua pia.

Nimeona niandike darsa hii kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila habari za Burundi zinapotajwa vijiweni. Utamsikia mtu akisema kwamba Warundi ni watu wa vita tu, Wahutu na Watutsi hawawezi kukaa pamoja, hivyo hakuna mkataba utakaowasaidia. Kauli hii inasemwa kwa urahisi sana, lakini historia haiithibitishi. Inavyoonekana kwangu, Warundi walifanikiwa katika jambo lile ambalo watu walidhani haliwezekani, yaani kugawana madaraka baina ya makabila. Walipokwama ni mahali pengine kabisa, napo ni kwenye kuachia madaraka muda unapokwisha. Na palipoharibika hapo, uhusiano wao na mataifa mengine nao ukaharibika.

CHIMBUKO LA UGOMVI

Ieleweke kwanza kwamba Wahutu, Watutsi na Watwa wa Burundi wanasema lugha moja, Kirundi, na wanaishi vilima vilevile. Inakadiriwa kuwa Wahutu ni kama asilimia 85, Watutsi asilimia 14 na Watwa asilimia 1. Nchi ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, ambao waliigeuza tofauti iliyokuwepo kuwa ngazi ya kupandia madaraka: huyu anafaa kutawala, yule hafai. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyewaunganisha watu wa pande zote kudai uhuru, aliuawa Oktoba 13, 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Julai 1, 1962.

Baada ya hapo jeshi likawa ndilo dola. Mwaka 1972, kufuatia uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, serikali ya Michel Micombero iliwaua Wahutu wengi, hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki moja hadi laki tatu. Ndipo Katumba, Mishamo na Ulyankulu zikajaa wakimbizi.

Juni 1993 wananchi walipiga kura na kumchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais. Alikaa madarakani miezi mitatu tu. Oktoba 21, 1993 wanajeshi wakamuua. Nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi, na watu wanaokadiriwa kufikia laki tatu wakapoteza maisha.

Hapa nataka msomaji aukumbuke mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura. Ni mtaa wa Waswahili, wenye Waislamu wengi, na kwa miaka mingi Wahutu, Watutsi na watu wa Kongo waliishi humo bila ya mtu kuulizana kabila. Mitaa mingine ilipokwisha kugawanyika, Buyenzi na jirani yake Bwiza ilibaki na mchanganyiko. Lakini Machi 1995 moto ukafika huko nako, na maelfu wakakimbia. Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, kuishi pamoja kuliwezekana, na ushahidi upo. Pili, wema wa majirani wa mtaa mmoja hauwezi kusimama peke yake wakati wenye bunduki wameamua vingine. Sulhu ya mtaani inahitaji sulhu ya dola.

SULHU ILIVYOTAFUTWA

Wengi wanakumbuka Arusha, lakini mazungumzo ya Mwalimu Nyerere yalianzia karibu zaidi na sisi, jijini Mwanza, Aprili 1996, alipovikutanisha vyama vya FRODEBU na UPRONA. Julai 25 mwaka huohuo Meja Pierre Buyoya akapindua serikali. Siku chache baadaye viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vilidumu hadi Januari 1999 viliposimamishwa.

Hebu tujiulize: kwa nini vikwazo vya majirani viliuma? Jibu liko kwenye ramani. Burundi haina bahari. Mafuta, saruji na dawa vinaingia kwa njia zinazopita nchi za watu, na kahawa yao inatoka kwa njia hizohizo. Kwa nchi ya namna hiyo, uhusiano wa nje ndiyo njia ya chakula na dawa, wala mabalozi na dhifa ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Ndiyo maana Dar es Salaam, Kampala na Nairobi zilikuwa na sauti kwa Bujumbura kuliko miji mikubwa ya Ulaya.

Mazungumzo ya Arusha yalianza rasmi Juni 1998. Mwalimu alifariki dunia Oktoba 14, 1999 kabla hayajakamilika, na Mzee Nelson Mandela akaipokea kazi. Mkataba ukasainiwa Arusha, Agosti 28, 2000, mbele ya marais wengi wa Afrika na Bill Clinton wa Marekani. Makundi mawili makubwa yaliyokuwa yakipigana, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakusaini. Kwa hiyo vita viliendelea hata baada ya picha kupigwa. CNDD-FDD ilikubali mwaka 2003, na makubaliano yake ya jumla yalisainiwa Dar es Salaam Novemba 16 mwaka huo. FNL ilisaini kusimamisha mapigano Septemba 2006, ikageuka kuwa chama cha siasa mwaka 2009. Afrika Kusini ilipeleka askari kuwalinda wanasiasa waliorejea. Umoja wa Afrika ulipeleka kikosi mwaka 2003, na Umoja wa Mataifa ukakipokea mwaka 2004.

Sasa tutazame kilichokubaliwa, maana hapo ndipo penye somo. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 iliweka hesabu wazi. Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa wapewe viti vitatu. Seneti igawanywe nusu kwa nusu. Katika jeshi na polisi kabila moja lisizidi asilimia 50. Wawepo makamu wawili wa rais, kila mmoja wa kabila lake na chama chake.

Mtu anaweza kuuliza: ni haki gani hii ya kumpa wa asilimia 14 viti 40 katika 100? Jibu lake ni kwamba Mtutsi aliogopa kuangamizwa kwa wingi wa kura, na Mhutu aliogopa kuangamizwa kwa bunduki. Mkataba ulimwambia wa kwanza kuwa hatamezwa bungeni, ukamwambia wa pili kuwa jeshi halitakuwa tena la wengine peke yao. Kila upande ulitoa kitu ili upate usalama. Hii ndiyo maana ya sulhu: hakuna anayetoka na vyote, na hakuna anayetoka mikono mitupu.

MATUNDA YALIYOONEKANA

Agosti 2005 bunge lilimchagua Pierre Nkurunziza, aliyekuwa kiongozi wa waasi, kuwa rais. Waliokuwa wakiwindana msituni wakavaa sare moja. Zaidi ya wakimbizi laki tano walirudi kwao katika miaka iliyofuata. Wengi wa wale wa mwaka 1972 walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi kuamua mashauri hayo, kazi ngumu ambayo ilizua malalamiko ya pande zote.

Milango ya nje nayo ikafunguka. Julai 1, 2007 Burundi na Rwanda ziliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Desemba mwaka huo askari wa Burundi wakaanza kwenda Somalia kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Fikiri, ndugu yangu: jeshi ambalo miaka michache nyuma lilikuwa tishio kwa raia wake, sasa Wahutu na Watutsi wake wanalala handaki moja Mogadishu. Wafadhili nao wakachangia karibu nusu ya bajeti ya serikali. Hapana shaka kwamba katika miaka ile Burundi ilikuwa mfano uliotajwa kila penye mazungumzo ya amani Afrika.

PALIPOVUNJIKA

Dalili zilianza mapema. Mwaka 2010 vyama vya upinzani vililalamikia uchaguzi wa serikali za mitaa na kujitoa, na Nkurunziza akabaki mgombea pekee wa urais. Machi 2014 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya katiba, yakakwama kwa kupungukiwa kura moja tu.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mkataba wa Arusha ulisema rais asizidi mihula miwili. Wafuasi wa Nkurunziza walisema muhula wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na bunge na si wananchi. Wapinzani, viongozi wa Kanisa Katoliki na hata baadhi ya watu ndani ya chama chake walisema miwili ni miwili. Aprili 25 chama kilimteua, na kesho yake watu wakaingia barabarani. Mei 5 Mahakama ya Katiba ikampa haki ya kugombea, lakini makamu wa rais wa mahakama hiyo alikuwa amekwishakimbilia Rwanda, akisema majaji walitishwa. Mei 13, rais akiwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wakuu wa Jumuiya, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi, yakashindwa katika siku mbili.

Tazama vizuri pande zilizokuwa zikigombana. Waliompinga rais walikuwemo Wahutu wengi, na Niyombare mwenyewe ni Mhutu aliyetoka chama kilekile cha rais. Kugawana viti kulifanya kazi kiasi kwamba ugomvi wa mwaka 2015 haukuweza kugeuzwa kirahisi kuwa wa kabila kwa kabila, ingawa wapo waliojaribu. Ugomvi ulikuwa juu ya mtu mmoja na kiti kimoja. Hata hivyo damu ilimwagika, na zaidi ya watu laki nne wakakimbia nchi, wengi wao wakija kwetu Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Kambi ya Mtabila kule Kasulu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 kwa maelezo kwamba Burundi ni salama. Haikupita hata miaka mitatu, Warundi wakavuka tena mpaka uleule.

MILANGO YA NJE ILIVYOFUNGWA

Baada ya hapo kila mlango uligongwa kwa hasira. Desemba 2015 Umoja wa Afrika ulitaka kupeleka askari 5,000. Bujumbura ikasema watakuwa wavamizi, na Umoja ukarudi nyuma. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikampa Rais mstaafu Benjamin Mkapa kazi ya kusuluhisha, lakini serikali ilikataa kukaa meza moja na wapinzani wakuu waliokuwa uhamishoni, na kazi ikaisha bila mkataba. Oktoba 27, 2017 Burundi ikawa nchi ya kwanza duniani kujitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Na Rwanda, iliyokuwa mshirika wa kuingia naye Jumuiya siku moja, ikageuka mtuhumiwa wa kuwahifadhi waliotaka kupindua, madai ambayo Kigali iliyakanusha.

Nkurunziza alifariki dunia Juni 8, 2020, siku chache baada ya uchaguzi ambao hakugombea. Evariste Ndayishimiye akaapishwa Juni 18. Safari yake ya kwanza nje ilikuwa Kigoma, Septemba mwaka huo, kukutana na Rais John Magufuli. Marekani ikaondoa vikwazo Novemba 2021, na Umoja wa Ulaya Februari 2022. Mwezi Julai Burundi ikakabidhiwa uenyekiti wa Jumuiya, na baadaye mwaka huo mpaka na Rwanda ukafunguliwa.

Lakini haukukaa wazi. Desemba 2023 waasi wa RED-Tabara walishambulia karibu na Gatumba na kuua watu 20. Burundi ikailaumu Rwanda, Rwanda ikakana, na Januari 2024 mpaka ukafungwa tena. Wakati huohuo askari wa Burundi walikuwa wakipigana mashariki ya Kongo dhidi ya M23. Waasi hao walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, makumi ya maelfu ya Wakongo wakakimbilia Burundi, nchi ambayo yenyewe ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta na fedha za kigeni. Na katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kikachukua viti vyote 100 vya bunge vilivyogombewa. Hesabu ya makabila ilizingatiwa, lakini sauti ya upinzani haikuwemo.

SI BURUNDI PEKE YAKE

Asije mtu akadhani haya ni ya Waafrika. Kule Amerika ya Kati ipo nchi ndogo ya El Salvador. Ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1980, watu kama 75,000 wakafa, na mkataba ukasainiwa Chapultepec, Mexico, Januari 16, 1992. Waasi wa FMLN wakaweka silaha chini, wakawa chama, na mwaka 2009 mgombea wao akashinda urais kwa kura. Hayo ni mafanikio makubwa.

Katiba yao ilimkataza rais kugombea mfululizo. Mwaka 2021 bunge lililodhibitiwa na chama cha Rais Nayib Bukele liliwaondoa majaji, na majaji wapya wakasema anaweza kugombea tena. Akashinda kwa kishindo Februari 2024, na Julai 31, 2025 bunge likaondoa kabisa ukomo wa mihula. Ni kweli wananchi wengi wanampenda kwa kuyavunja magenge ya wahalifu. Lakini tofauti kati yake na Nkurunziza ni ya kutafakari. Burundi ilisusiwa, El Salvador haikususiwa. Mwaka 2025 ilikubali kuwapokea gerezani kwake watu zaidi ya 200 waliofukuzwa Marekani, na Washington ikaishukuru. Kwa hiyo tusitegemee mataifa makubwa yatulindie mikataba yetu. Yanapima kwa mizani ya maslahi yao, na mizani hiyo hubadilika kila uchaguzi wao unapopita.

TUNALOJIFUNZA

Kwa mtazamo wangu mambo matatu yanatuhusu sisi moja kwa moja.

La kwanza, tuache kuwahukumu Warundi kwa kabila. Kijana wa Kirundi anayelima vibarua Kahama au Geita hakuleta vita hapa, alivikimbia. Serikali yetu iliamua kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Hao ni Watanzania wenzetu. Kuendelea kuwaita wakimbizi, wao na watoto wao waliozaliwa Ulyankulu, ni dhulma.

La pili, Tanzania iliwahi kuwa mlezi wa sulhu ile. Mlezi hana haki ya kuharakisha. Hadi mwaka 2024 zaidi ya Warundi laki moja walikuwa bado katika kambi za Kigoma. Kurudi kwao ni jambo jema iwapo wanarudi kwa hiari na kukuta ardhi na usalama. Kuwasukuma ili takwimu zipendeze ni kurudia kosa la Mtabila, na gharama yake itaturudia mpakani. Njia iliyo bora ni kuyafunga maisha ya watu pamoja: umeme wa Rusumo wa megawati 80 unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati. Mitambo ya Rusumo haikuzimwa kwa sababu mpaka wa Rwanda na Burundi umefungwa. Wanaonufaika pamoja wana sababu ya kuzungumza hata wakiwa wamenuniana.

La tatu ndilo zito zaidi. Kwa miaka mingi tuliyazungumza haya kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua. Baada ya vurugu na vifo vya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, na tume ya uchunguzi iliyoundwa mwezi uliofuata, hatuwezi tena kusema hivyo. Nchi iliyowakalisha wenzake mezani Mwanza na Arusha inapaswa kujikalisha yenyewe. Na wanaokaa hapo wasishughulike na nani apewe nini pekee. Waulizane pia mwenye madaraka anaulizwa na nani, anaondolewaje kwa amani, na anayeshindwa anabaki na usalama gani. Maswali hayo ndiyo yaliyoachwa yapoe Burundi kati ya mwaka 2005 na 2015, wakati kila mtu akisifu amani.

Madaraka ni amana, na amana ina siku ya kurudishwa. Burundi ina uchaguzi wa rais mwaka 2027. Malori yataendelea kupita Tinde yakielekea Kobero, na sisi wa Shinyanga tutakuwa miongoni mwa wa mwanzo kujua kama nchi ile imetulia. Tuwaombee heri, na yale tunayowaombea tuyadai kwetu pia.

Wabillahi tawfiq.